Kiraka cha Koti la Kijivu

Kiraka cha kijani hakikuwa chake.

Fundi aliupeleka dirishani mfarishi wa viraka aliokuwa akiushona, akakipapasa kile kiraka kwa kidole gumba, akakinusa. Kilinuka kitambaa kilichounguzwa na pasi. Mishono yake mwenyewe ililalia kulia, angeitambua hata taa ikiwa imezimika. Hii ililalia kushoto, midogo, imebanana, safi kupita kiasi. Mtu alikuwa amekaa na mfarishi wake wakati nyumba imelala, akauongezea kiraka, kisha akaukunja na kuurudisha kitini vilevile Fundi alivyouacha.

"Nani kagusa kazi yangu?" aliuliza.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwokaji, alikuwa ameshakwenda kuchoma mikate. Mtoto wao wa pekee alikuwa bado kitandani. Jikoni vyombo viligongana, na aliyekuwa akiviosha ni wifi yake, dada wa Mwokaji, mwanamke mpole aliyefanya kila kitu kwa mkono wa kushoto.

"Mimi sijagusa, wifi," sauti ilijibu kutoka huko. "Kwani kuna nini?"

Fundi alikuwa ameshaingia chumbani kwa mtoto. Alikuwa amefungua kabati la nguo za mtoto, na mkononi ameshika sketi ya shule ya kijani. Ilikuwa na tundu ubavuni, tundu la mraba, limekatwa na mtu anayeujua mkasi.

Katika nyumba ile kazi ilifuata majira. Kiangazi kilikuwa cha kufua: nguo kuukuu zilirowekwa kwenye maji ya chumvi, zikasuguliwa, zikaanikwa juani mpaka zikakauka kau. Hiyo ilikuwa sheria ya marehemu mama mkwe, aliyesema nguo ya mtu haikatwi mpaka mwenyewe ametoka ndani yake. Masika yalikuwa ya kukata na kushona, maana mvua ikianza hakuna wa kutoka. Kipupwe kikiingia, mfarishi uko tayari: viraka juu, bitana chini, pamba katikati. Mwaka huu mfarishi ulikuwa wa mtoto. Kifua chake kilikuwa kibovu, na baridi ya mwaka uliopita nusura iondoke naye.

Mtoto mwenyewe walimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, kwa sababu tangu alipojua kutembea alikuwa ni wa kuzunguka tu, mpaka aangushe kitu. Alimpenda shangazi yake kupita maelezo. Fundi hakulifurahia sana jambo hilo, ingawa angekuuma ungemwambia ana wivu.

Sasa mvua ya mwaka huu iliwahi. Iliwakuta na koti moja la kijivu, la mtumba, ambalo halijaguswa na maji. Koti lilikuwa zito, zuri, na lilipotolewa chini kabisa ya robota lilikuwa na joto kama limevuliwa sasa hivi. Fundi aliliona hilo, akajiambia ni sufu nzuri. Koti kama lile lingekaa kambani hata wiki tatu bila kukauka, na yeye alitaka katikati ya mfarishi pawe na kitu cha kumkinga mwanawe kifuani. Akalikata hivyohivyo.

"Hilo umelifua?" wifi aliuliza siku ile, amesimama mlangoni.

"Nimelifua," Fundi alisema, bila hata kuinua macho. Uongo mdogo, wa kuepusha maneno.

Baada ya kile cha kijani, viraka vilizidi kuja. Kipande cha gauni la sikukuu. Kipande cha shati la kulalia lenye vipepeo. Vyote vya Bobini, vyote vinalalia kushoto, vyote vinanuka pasi. Na kadiri mfarishi ulivyozidi kunona, mtoto alizidi kupoa. Aliacha kuzunguka. Alikaa ukutani na mikono kwapani, na ukimgusa shavu unashtuka, baridi kama kigae. Mfarishi kwa upande wake ulikuwa na joto hata kama haujalaliwa na mtu.

Fundi alianza kumwangalia wifi yake kwa jicho jingine. Alikumbuka kwamba ndoa ilimshinda kwa kukosa mtoto. Alikumbuka namna anavyomsuka Bobini taratibu, hataki amalize. Uji akiukoroga wifi, Fundi aliuonja kwanza. Wifi akiimba, Fundi alisikiliza maneno. Ukishaanza kumshuku mtu, hata akipiga chafya unaona ana lake jambo.

Alfajiri moja akajificha nyuma ya pazia la sebule. Hakungoja sana. Wifi alitoka chumbani akinyata, akapiga magoti mbele ya kiti, akauvuta mfarishi mapajani. Mkasi mdogo ulikuwa katika mkono wa kushoto.

"Leo nimekupata!" Fundi alirukia katikati ya chumba.

"Wifi, taratibu. Mtoto amelala."

"Mtoto yupi? Huyo unayemmaliza?"

"Mimi nafumua." Wifi hakuuacha mkasi. "Haki ya Mungu, sishoni. Kila alfajiri nafumua kilichoongezwa. Siku nyingine nawahi, siku nyingine nakuta kimeshashika."

"Na anayeshona ni nani? Paka?"

"Sijui. Ningekuambia ungesema nimechanganyikiwa." Wifi alishusha sauti zaidi, kama anayeogopa kusikiwa na kile alichokipakata. "Lile koti, wifi. Ulisema umelifua."

"Usinigeuzie kibao!" Fundi alisema, na uso ulimwaka, maana hapo ndipo palipouma.

Mwokaji aliporudi, unga bado kwenye nyusi, aliwasikiliza wote wawili, shingo inakwenda huku na huku kama anatazama mpira. Mkewe alimwekea mishono mbele ya macho. Inalalia kushoto. Humu ndani nani mwingine anatumia kushoto? Maskini Mwokaji alikuna kichwa, akamwomba dada yake apumzike kidogo kwingine, mambo yakitulia atarudi. Wifi alifunga virago. Bobini alimng'ang'ania kiunoni hadi mlangoni.

"Nikiondoka wewe fumua," wifi alimwambia Fundi. "Nakusihi. Kila siku kabla jua halijatoka. Sitaki msamaha wako, fumua tu."

Fundi alifunga mlango. Kisha akaufungia mfarishi kabatini, ufunguo akauvaa shingoni, akasema moyoni kwamba sasa nyumba itapumua.

Haikupumua. Zilipita siku chache, na mchana mmoja mvua ilinyesha mpaka ikabidi taa iwashwe, na taa yenyewe ikazimika. Fundi alikuwa sebuleni, anapindia suruali ya mteja kwa mkono, Bobini yuko chumbani amejilaza. Akasikia uzi unavutwa. Mtu wa cherehani hawezi kuikosea sauti hiyo: sindano inapenya, tk, halafu uzi mrefu unafuata, shrrr, halafu tk tena. Akatazama mikono yake. Ilikuwa imetulia.

Alisimama, na suruali ikaanguka, akaufuata ukuta kwa kiganja, na kila alivyokaribia chumba cha mtoto ile harufu ya kitambaa kilichoungua ilizidi kumkaa kooni, na ile sauti haikuharakisha wala haikusita, tk, shrrr, kama ya mtu aliyebakiza kidogo tu amalize kazi yake, na alipofika mlangoni akauona mfarishi, ule aliokuwa na ufunguo wake shingoni, umemfunika Bobini mpaka kidevuni, na katikati yake, pale kwenye kijivu, unainuka kidogo na kushuka, unainuka kidogo na kushuka, wakati mtoto mwenyewe kifua chake kimetulia tuli.

"Mama," Bobini alinong'ona bila kufungua macho. "Ananibana."

Fundi aliuvuta mfarishi. Ukaja na mtoto. Pindo la gauni alilovaa Bobini lilikuwa limeshonewa kwenye mfarishi pande tatu, na upande wa nne sindano ilikuwa bado imechomekwa, uzi unacheza. Fundi alipiga ukelele ambao hata mvua haikuuzima, akapapasa mkasi, akakata gauni, uzi, viraka, chochote kilichokuja mbele ya mkasi, mpaka akamtoa mwanawe akiwa na chupi tu, akamkumbatia, akakimbilia naye kwenye baraza.

Mganga aliletwa asubuhi yake na Mwokaji. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, aliyeomba kwanza kiti chenye mgongo kwa sababu ya kiuno. Aliutazama mfarishi kwa mbali, akakunja pua.

"Tuuchome," Mwokaji alisema.

"Umchome jini wa moto kwa moto? Utakuwa umemkaribisha chakula," mganga alijibu. "Aliyeushona ndiye ataufumua. Wewe bwana niletee beseni la maji ya chumvi."

Akaanza kusoma maneno yake kwa sauti ya chini. Fundi alifumua. Alivuta uzi wake mwenyewe, uliolalia kulia, kisha akafika kwenye kiraka cha kijani na kutafuta fundo la uzi ili aanzie hapo. Juu hapakuwa na fundo. Chini, upande wa bitana, hapakuwa na fundo. Akaichana bitana, akaipekua pamba, na mafundo yote yalikuwa humo, katikati, yamejipanga. Akaugeuza uso wa viraka na kuutazama kwa upande wa pamba. Kutokea huku, mishono ililalia kulia.

Akauachia uzi. Aliyeshona hakuwa wa mkono wa kushoto. Alikuwa mtu wa mkono wa kulia kama watu wengi, ila alikaa ndani ya mfarishi, akashona akitazama nje.

"Nimemwonea," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya mgeni. "Yeye alikuwa anafumua kweli. Nimemfukuza mtu aliyekuwa anamlinda mwanangu."

Mganga aliacha kusoma. "Mtu gani?"

"Wifi yangu. Mume wangu amempangia chumba, ng'ambo ya soko."

"Yuko peke yake?"

"Peke yake."

Fundi alipomaliza kufumua na kutia viraka majini, mganga aliinamia beseni, akavigeuza viraka kimoja kimoja kwa kijiti. Kijani, vipepeo, gauni la sikukuu. Akageuza tena. "Kipande kile cha kijivu umekitia?"

Fundi alitazama mapajani, chini ya kiti, ndani ya pamba. Hakikuwepo. Harufu ya kuungua ilikuwa imetoweka nyumbani. Na Bobini, ambaye siku zote hizo alikaa ukutani, alikuwa barazani anazunguka.

"Hapa ametoka," mganga alisema taratibu. "Lakini hawa wakitolewa hutafuta mtu aliyetupwa, aliyekaa na uchungu wake. Nenda kwa huyo wifi yako. Nenda sasa hivi."

Fundi alitaka kumwacha mtoto, mtoto akagoma. Shangazi ni wake, atakwenda. Walikata sokoni mbiombio, wakiruka madimbwi, Fundi akipanga maneno ya kuomba radhi na kuyasahau. Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha.

Wifi alikuwa amenawiri. Chumba kilikuwa na joto zuri, na hapakuwa na jiko wala moto popote.

"Wifi, nimekuja kukuomba..."

"Tena?" Wifi alicheka. "Si ulikuja asubuhi ukalia hapahapa? Nimeshakusamehe, jamani. Na zawadi yako nimeifanyia kazi."

Asubuhi yote Fundi alikuwa nyumbani, anafumua. Wifi alirudi kuketi kitandani, akautandaza magotini mfarishi mchanga, ndiyo kwanza unaanza. Katikati yake palikuwa na kiraka cha kijivu. Akaokota sindano, akaendelea pale alipoachia, tk, shrrr, haraka na kwa ustadi, kwa mkono wa kulia.

"Bobini wangu," alisema kwa sauti ileile ya siku zote, akiinua ncha ya mfarishi. "Umelowa. Njoo ujifunike."

Fundi alikaza kiganja amshike mwanawe. Kilikuwa kitupu. Bobini alikuwa ameshamwachia, anavua viatu.