Mjukuu Wangu Alininyang'anya Ndege Mbele ya Kilimambogo

Mjukuu wangu alininyang'anya ndege tukiwa hewani.

Si gari. Si rimoti ya runinga. Ndege… na abiria ndani.

Alinibandua vidole kwenye usukani, kimoja baada ya kingine, kisha akasema kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima wa Kaloleni:

"Guka, umekosea. Toa mkono."

Guka ndiye mimi, babu yake. Niliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Sasa tulia. Najua kuna mtu ashaandika hapo chini "pole mzee" kabla ya kujua mambo yalianzia wapi.

Mimi naitwa Kabiru, lakini mtaani wananiita Kapteni. Nilifanya kazi uwanja wa ndege miaka mingi, dereva wa ile trekta inayosukuma ndege ikitoka kuegeshwa. Watu hudharau trekta. Lakini hebu niambie, ndege bila trekta inarudi nyuma na nini? Kwa hivyo nimeendesha ndege nyingi kuliko rubani yeyote unayemjua. Ni vile tu zangu zote zilikuwa zinarudi nyuma.

Na kuna ile siku rubani alizirai, kofia yake nikavaa mimi, tukaenda Kisumu tukarudi chai yangu ikiwa bado moto. Hiyo Kaloleni nzima wanaijua, na hakuna mdogo kwangu aliyewahi kuipinga.

Warigia, huyo mjukuu wangu, alikua akisikia hizo hadithi. Ndiyo maana akajiunga na klabu ya makadeti pale ukumbini.

Klabu yenyewe haina ndege. Ina viti, kompyuta, na ile miwani mikubwa wanaiita VR. Ukiivaa, ukumbi unapotea. Unajikuta chumba cha rubani, mawingu kwenye kioo, taa na mishale kila mahali, na ukigeuka unamwona mwenzako kwenye kiti cha pili. Watoto ambao hawajawahi kukanyaga ndege wanatua Mombasa Jumamosi asubuhi, halafu wanarudi nyumbani kuchota maji.

Mwaka huu chuo kimoja cha urubani kilisema kitamchukua kadeti mmoja kutoka klabu, akasomee ndege ya ukweli.

Mmoja tu.

Warigia aliitaka hiyo nafasi mpaka akawa hali wala halali. Ukimuuliza chumvi iko wapi anakujibu upepo unatoka wapi.

Basi nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya kinyozi na rafiki yangu Opiyo, akaja Mwalimu Mukai, yule rubani kijana anayefundisha makadeti.

"Mzee, Jumamosi tuna mtihani wa mwisho. Naomba uwe kapteni. Makadeti watakaa na wewe mmoja mmoja kama wasaidizi wako."

"Mimi?"

"Wewe. Endesha tu vile unavyojua."

Opiyo alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Huyu? Huyu hata baiskeli ilimkataa."

"Ni wivu," nikamwambia mwalimu. "Mzoee."

Tangu hapo sikukaa kitako. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, natafuta viatu nivipige rangi, na tayari vinang'aa. Suti ya harusi nikaitoa, ikanibana tumbo, nikaivaa hivyo hivyo.

Jumamosi ikafika. Kabla ya kuingia nikamvuta Warigia kando, karibu na tangi la maji.

"Sikia. Leo mambo ni mepesi, kapteni ni mimi. Nikisema kitu, wewe ni 'sawa, Guka'. Usiniulize, usinipinge. Nitakupitisha."

Akaangalia viatu vyake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Guka."

Wa kwanza alikuwa Owen, kijana mpole, mtoto wa kiongozi wa kwaya. Safari ilikuwa kutoka Embakasi kwenda Garissa, na mbele kulikuwa na wingu zito. Nikaingia humo chini chini, niwe naona mabati ya watu. Ghafla sauti ya mwanamke ikaanza kupiga kelele ndani ya ndege.

"Vuta juu. Vuta juu."

"Huyo ni nani?" nikamuuliza Owen.

"Ni… ni ndege yenyewe, mzee."

"Ndege inanifundisha kazi?"

"Hapana, mzee."

"Basi na wewe nyamaza."

"Sawa, mzee."

Tukagonga mlima Kilimambogo. Giza tupu.

Akaja Shirleen, msichana wa Tassia ambaye hutumia sauti ndogo hata akiitisha chenji.

"Guka, samahani, sijui kama… ni kama tuko chini kidogo?"

"Mimi nilikuwa kwa ndege kabla mamako hajazaliwa."

"Pole, Guka."

Kilimambogo tena.

Nikavua miwani nikamwambia mwalimu mashine yake ina kasoro, huo mlima wameuweka karibu sana. Watu walikuwa wamejaa wakitutazama kwenye skrini ukutani, wazazi, akina mama wa kanisa, kila mtu. Mukai alisema tu, "Anayefuata."

Alikuwa Warigia.

Niliruka njia ile ile. Mtu na heshima zake habadilishi njia kwa sababu ya mlima.

"Guka, tuko chini sana."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Tulikubaliana nini?" nikanong'ona.

"Guka, mbele ni mlima. Panda."

"Hilo ni wingu."

"Ni mlima, nimeuona kwa ramani. Ndege ni yangu."

Hayo maneno ndiyo wanafundishwa. Msaidizi anaonya. Anaonya tena na kutoa sababu. Akipuuzwa, anasema "ndege ni yangu" na kuichukua. Mimi hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba mtoto niliyemfunga kamba za viatu ananiambia toka.

Nikakaza mkono.

Hapo ndipo akanyoosha mkono wake gizani, maana sote macho yalikuwa ndani ya miwani, akanipapasa mpaka akapata vidole vyangu…

Mengine nilishakuambia.

Ndege ikainuka. Niliona miti ya Kilimambogo ikipita chini ya miguu yangu, karibu kiasi cha kuchuma majani. Halafu wingu likafunguka, jua likatujaa usoni.

Ilikuwa vizuri. Lakini sikusema.

Ukumbini mama mmoja akauliza, polepole kabisa, "Ai… si huyo ni babu yake?"

Nikavua miwani, nikatoka. Sikuaga mtu.

Nilizunguka Kaloleni kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nikatembea mpaka Jogoo Road, nikasahau nilitaka nini huko, nikarudi. Nikakaa kwenye benchi ya kinyozi, kando ya Opiyo. Nikaagiza chai. Nikaiacha.

"Umeanguka?" Opiyo akauliza.

"Nimepinduliwa."

"Na nani?"

Mwalimu Mukai alikuwa anavuka barabara akija kwetu, na mimi nikaanza kutafuta pa kupitia.

"Mzee, umeondoka kabla nikuambie asante."

"Asante ya nini? Nimeua watoto wawili wa watu."

"Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako."

Nikamtazama.

"Kwa ndege, mkubwa akikosea na mdogo akanyamaza kwa heshima, wote wanakufa," akasema. "Siwezi kufundisha hilo nikiweka kijana mwenzao kwa kiti cha kapteni. Huyo watampinga bila shida. Nilihitaji mtu ambaye hawawezi kumwambia hapana."

Opiyo akaweka kikombe chini.

"Na ukajuaje mtu huyo ni mimi?"

Hapo akakaa kando yangu kwenye benchi.

"Niliwaomba darasani kila mmoja amtaje mtu ambaye hajawahi kumpinga. Warigia akakutaja. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Guka akisema kitu, nyumba nzima inakubali. Hata kama si kweli. Hata kama tunaumia.' Hakujua kama nitakuja kwako."

Jamani…

Kumbe sikuitwa kwa sababu ya uzoefu. Hakuna aliyetaka habari za trekta yangu. Kwenye mtihani ule kulikuwa na milima miwili, na mimi nilikuwa mmojawapo.

"Amepita?" nikauliza.

"Amepita, yeye peke yake. Lakini nafasi ameikataa."

"Ameikataa?"

"Anasema hawezi kwenda akiwa amemkosea babu yake mbele ya watu. Ati nimpatie Owen."

"Na Owen amesemaje?"

"Amesema sawa. Owen husema sawa kwa kila kitu. Mzee, lazima nipeleke jina leo."

Nilirudi ukumbini karibu nikikimbia, suti ikinikata tumbo. Nilimkuta Warigia anapanga viti peke yake, macho mekundu.

"Guka, nisamehe."

"Kwa nini ulinipinga na nilikuambia usinipinge?"

"Ulikuwa unaenda kugonga."

"Ilikuwa mashine tu."

"Nilisahau ni mashine." Akajifuta pua. "Niliona ni wewe unaenda kugonga."

Nikaegemea kiti kimoja alichokuwa amekipanga.

"Enda umwambie mwalimu umechukua hiyo nafasi," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Nikienda sasa, itakuwa ni kwa sababu wewe umesema. Ni ile ile tu."

Mtoto huyu ana kichwa. Nikafikiri. Mukai, aliyekuwa amenifuata, alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, anasubiri jina.

"Haya basi," nikasema, nikakaza uso. "Nakukataza."

"Unanikataza?"

"Kabisa. Wewe kaa hapa Kaloleni upange viti. Mambo ya ndege achia watu wengine. Nimesema, na nikisema nimesema."

Akanitazama. Akanitazama sana, akitafuta kama natania, na mimi sikumpa hata dalili. Nilikuwa nimekunja ndita mpaka kichwa kinauma.

Akaweka kiti chini.

"Hapana, Guka."

Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Kisha akanipita, akatembea moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mwalimu.

Nilibaki na viti. Nikavipanga mwenyewe, na ukiniuliza kwa nini macho yalikuwa yanatoka maji nitakuambia ni vumbi la ukumbi.

Sasa, wazee wenzangu, na nyinyi akina baba na mama mnaosoma huku mkijifanya hamhusiki. Kama nyumbani kwako kila mtu hukuambia "sawa", usifurahi haraka. Pengine hawakukubali. Pengine wameamua tu kugonga pamoja na wewe kuliko kukuudhi. Mchukue aliye mdogo kuliko wote, umkalishe vizuri, umuulize ni wapi umekosea, halafu ufunge mdomo.

Mimi nilimuuliza Warigia jana tukinywa chai.

Chai imeisha. Bado anaongea.