Jina la Baba Mkwe

"Weye bwana! Viatu yako iko nakula mboga ya watu!"

Sokoni Kavimvira, siku ya Jumamosi, mtu hasikii hata kikohozi chake mwenyewe. Lakini sauti hiyo waliisikia wote: wapagazi wa pamba, wauza mihogo wa Kiringye, hata mbuzi mmoja aligeuka kutazama. Kijana aliyekanyaga ndagala, dagaa wa ziwani, waliotandazwa juani aliganda, mguu mmoja juu. Alivaa suruali nyeupe yenye mstari wa pasi wa kukatia nyanya, na viatu vya rangi mbili, mabaka kama ng'ombe wa Rurambo.

"Samahani, mama."

"Mama ya nani? Minye nilikuzaa lini?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenye ndagala alikuwa Pudentienne, kitenge chekundu kimemkaza kiunoni, jasho likimetameta shingoni, na uso wa kukasirika ambao haukuwa na hasira hata tone.

"Basi samahani, dada. Ninaitwa Herménégilde."

"Jina refu hivyo? Muntu akikuita mezani, si ugali unapoa?"

"Fupisha upendavyo."

"Hereme. Sasa, Hereme, shusha mguu. Si kuku."

Herménégilde aliuza vitambaa katika duka moja huko Usumbura, na Jumamosi alivuka mto Ruzizi kuja kumsalimu baba yake. Tangu siku hiyo, salamu za baba zilianza kupitia kwenye ndagala. Ndipo walipogundua jambo lililowachekesha mpaka wakashikana mikono bila kukusudia. Pudentienne alikuwa amehamia karibuni kwa shangazi yake Bernardine, kando ya mto, na nyumba iliyofuata upande wa chini ilikuwa ya baba yake Herménégilde.

"Ile ya fundi? Yule muzee wa randa? Minye kila asubuhi namupigia kelele: Muzee Ndikumana, mbao yako inanitoa usingizi!"

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema nihamie kwa matajiri, huko hakuna randa."

Mzee Ndikumana alikuwa mjane, seremala, mkavu kama mbao zake, na alimpenda binti huyo kabla mwanawe hajamwona. Posa haikuchelewa. Kasiksi, pombe ya ndizi, ililetwa, ikanywewa, mzee akaahidi kuwatengenezea kitanda ambacho wajukuu wangezaliwa juu yake. Wageni walipoondoka, Bernardine alimkalisha Pudentienne.

"Sasa weye ni mukwe. Kuanzia leo jina la baba mukwe halipite kinywani mwako. Hata ukiota, uote ukinyamaza. Mukwe akilitaja, amemutukana, na uchumba umekwisha."

"Hata kama randa inaniua?"

"Utamwita baba. Kwa upole."

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na kelele. Mzee alichungulia juu ya ua wa matete, akamwona msichana amefunga mdomo kwa viganja viwili, macho yakicheka, naye akacheka mpaka akakohoa.

Mto Kavimvira una tabia zake. Jua linaweza kuwaka chini, ndagala wakakauka vizuri, kumbe juu Rurambo mvua imepasua mlima. Maji hushuka na mawe na miti bila wingu hata moja kukuonya. Mwaka mmoja yalishuka hivyo, mtu akapiga mayowe, na wenzake wakadhani ni ugomvi wa walevi. Waliozikwa walikuwa wengi. Tangu hapo majirani walikubaliana. Wachunga ng'ombe wa juu wakiona mto umevimba, wapige pembe. Nyumba ya kwanza iite ya pili, ya pili iite ya tatu, mpaka ziwani. Na asiitwe mtu kwa "wee" wala "jamani", kwa kuwa "jamani" kila mmoja humwachia mwenzake. Aitwe kwa jina lake, mpaka aitike.

Yalikuwa mapatano mazuri, na yalishaokoa watu. Aliyemwita Mzee Ndikumana siku zote alikuwa Bernardine. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja Bernardine angekuwa safarini.

Ilikuwa Aprili, mchana, jua kali. Pembe ililia mlimani. Jirani wa juu, André, akapaza sauti: "Bernardine! Bernardine!"

"Hayuko! Niko hapa, Pudentienne! Nimesikia!"

Akageukia upande wa chini. Akafungua kinywa, na jina likafika kooni likasimama, kama mtoto aliyefika mlangoni pa wakubwa.

"Baba! Baba wee, maji!"

Randa ilisimama kidogo, kisha ikaendelea: shaa, shaa.

"Baba! Fundi! Fundi, toka!"

Ng'ambo, wafyatua matofali walisikia "fundi", wakatupa vibao, wakakimbia. Randa iliendelea. Pudentienne alikimbilia ua, lakini mtaro uliotenga viwanja viwili ulikuwa umeshajaa tope na mawe yanayogongana, na ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zake. Akainua uso, akaita juu ya paa la mzee, kwenye nyumba iliyofuata: "Pétronille! Pétronille!"

"Nimesikia!"

Pétronille alibeba wajukuu, akapanda kilima, akapona. Mzee Ndikumana alitoka mlangoni na randa mkononi. Alitazama mto kama mtu aliyeletewa mbao ambazo hakuagiza. Kisha hapakuwa na mlango.

Kesho yake masista wa misheni walimwita Pudentienne kwenye simu.

"Alo?"

"Ni minye." Sauti ya Herménégilde ilikuja na mkwaruzo wa waya. "Wamemupata?"

"Pwani. Karibu na mitumbwi. Hereme, mupenzi wangu..."

"Dereva wa lori ananiambia uliita Pétronille."

"Niliita."

"Kwa jina."

"Ndiyo."

"Na baba yangu?"

"Niliita, Hereme. Niliita sana."

"Kwa jina?"

Sista aliyesimama kando alijifanya kutazama dirisha.

"Hapana," alisema Pudentienne.

Waya ukakwaruza kidogo, ukakatika.

Mazishini Herménégilde alimpita kama nguzo. Na watu, ambao hawakosi la kusema hata pale wanapokosa la kula, walisema: alimruka mzee. Jirani alimwita kwa jina, baba mkwe akamruka. Alichoka kungoja kitanda, alitaka nyumba. Bernardine alirudi akafunga mlango, akalia, wala hakumwambia mtu kwamba sheria ile aliitoa yeye.

Matanga yalipoondolewa ndipo Pétronille alipomshika Herménégilde mkono.

"Mutoto wangu, siku ile nilikuwa nyuma ya ua, namuuliza baba yako habari ya kiti yangu. Tukasikia mutoto wa muntu anaita baba, baba, lingine halisikiki. Baba yako akacheka. Akasema: 'Sikia huyo! Baba yake iko wapi asimwitike?' Kiisha akarudilia randa yake, na minye nikarudi kwangu."

Herménégilde alikaa chini palepale, katika suruali yake nyeusi, kwenye vumbi.

Jumamosi alikwenda sokoni. Pudentienne alikuwa amekonda. Kitenge chekundu kilimzunguka mara mbili. Alipomwona alisimama, mikono imejaa magamba.

"Aliisikia sauti yako," alisema Herménégilde. "Alidhani ni mtoto wa mtu anamwita baba yake."

Pudentienne aliangukia kifuani pake na kulia kilio ambacho hakuwa amepewa nafasi ya kulia. Wauza mihogo wakageuka upande wa pili, kwa heshima ambayo soko hilo huwa nayo mara chache.

"Nisamehe, sheri wangu. Ile simu... nilikuwa mukatili. Lakini juu ya nini hukulitaja jina lake? Nani angekulaumu?"

"Weye. Tantine Bernardine. Yeye mwenyewe, kama maji yangepita kando. Mungesema, mukwe gani huyu? Kabla hajafa, si ningekuwa muntu bila adabu?"

Herménégilde alijua kwamba ilikuwa kweli.

"Nimekuja kukuoa," alisema hatimaye. "Tutajenga mlimani. Usiposikia mto, utasahau."

Pudentienne alimpangusa machozi kwa mgongo wa mkono, akimwachia harufu ya samaki shavuni, na wote wawili walikaribia kutabasamu.

"Nikiingia kwako, Hereme, nitakuwa mukwe wake mpaka nife. Watoto wakiniuliza babu yao aliitwa nani, nitanyamaza. Kila siku nitanyamaza vile nilivyonyamaza siku ile. Siwezi."

"Basi tutaiacha ile desturi."

"Ukoo wako utaiacha? Na weye, ukinisikia, hautashituka?"

"Minye ninakupenda, Pudentienne."

"Najua. Na minye ninakupenda sana."

Lori la Usumbura lilipiga honi barabarani. Pudentienne alirudi hatua moja, akaifunga upya kanga ya kichwani kama mtu anayejiandaa kuingia kanisani, akamtazama machoni.

"Ndikumana," akasema.

Herménégilde alishituka kama aliyepigwa kofi. Wote wawili walijua ni nini kilichokwisha hapo.

Honi ililia tena. Herménégilde hakuondoka. Tangu mazishi hakuna aliyethubutu kulitaja jina lile mbele yake.

"Sema tena," akamwomba.

Akalisema tena.