Chai Tamu ya Oarabile

Kila alasiri akitoka shule, Keneilwe, msichana wa miaka kumi na miwili, alimlea mdogo wake Oarabile mpaka mama yao arudi kutoka kazini mjini Serowe. Oarabile alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mama alikuwa ameagiza kwamba wakati wa kulala apewe maji matupu. Lakini maji hayakumnyamazisha. Chai nyekundu yenye sukari nyingi ilimlaza upesi, chupa ikiwa mdomoni, na Keneilwe akapata nafasi ya kucheza mdako na wenzake.

Meno ya mbele ya mtoto yakaanza kuwa na madoa ya kahawia. Mama alipouliza, Keneilwe alisema hajui.

Jumamosi moja Oarabile aliamka na homa kali, mdomo wa juu umevimba hadi chini ya jicho. Mama alimbeba mgongoni, akaenda zahanati kwa mwendo wa kasi. Keneilwe alifuata nyuma. Kwenye foleni alimwona mama akifuta machozi. Hakuwahi kumwona akilia. Atakufa, aliwaza, na mimi ndiye niliyemuua.

Muuguzi, aliyeitwa kwa heshima Mma Gaolathe, aliufunua mdomo wa mtoto. Ufizi ulikuwa umetunga usaha. Akauliza mtoto hulala na nini. Mama akajibu kuwa ni maji tu. Muuguzi akasema maji hayaozeshi meno namna ile, basi itabidi apime damu atafute ugonjwa mwingine. Akachukua sindano.

"Mama," Keneilwe alisema, "mimi humpa chai ya sukari. Kila siku."

Mama alimgeukia. "Na nilipokuuliza?"

"Niliogopa."

Mma Gaolathe aliirudisha sindano mezani. Siku hiyohiyo Oarabile alipelekwa hospitali, akapewa dawa na kung'olewa meno mawili. Siku ya tatu uvimbe ulishuka, akadai uji.

Waliporudi kuonyesha kidonda, Mma Gaolathe alimketisha Keneilwe karibu naye, akamweleza kuwa sukari inayobaki mdomoni mtoto akilala huozesha meno, hata yakiwa ndiyo kwanza yameota. Akamwonyesha jinsi ya kuyapiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno kidogo kama punje ya mchele.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," alisema. "Lakini ulipoogopa ukanyamaza, aliyeumia ni yeye. Uliposema, ndipo tukajua jinsi ya kumtibu."