Kiungo Asiyetolewa

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya jukwaa la mbao pale Injini, kiungo wa timu, alipofika uwanjani kuchukua vitu vyake. Shughuli ndogo tu. Jezi, bukta, soksi na daluga. Avitie begini, arudi nyumbani kabla chakula hakijapoa.

Ila vifaa vya timu havikuwa na ruhusa ya kutoka uwanjani. Hiyo ilikuwa sheria ya mtunza jezi, mzee aliyeishika kuliko makocha walivyoshika mbinu zao. Jezi ilivaliwa hapo, ikavuliwa hapo, ikafuliwa hapo. Kwa misimu kumi na miwili Injini alikuwa akirudi kwake mikono mitupu.

Jioni hii alitaka kuivunja sheria hiyo. Kesho kulikuwa na mechi, na hakutaka kucheza. Jezi yake, namba nane, isipoonekana, atavikwa nini?

Magazeti yalimwita kiungo asiyetolewa. Tangu alipoingia kikosini hakuwahi kupumzishwa hata dakika moja. Watu waliona ni sifa. Mkewe peke yake ndiye aliyemwona asubuhi baada ya mechi, akishuka kitandani kwa kujiburuta, goti la kulia limevimba kama papai. Madaktari wawili walishamwambia atundike daluga. Barua ya kuacha aliipeleka kwa katibu mara tatu. Mara tatu katibu akaapa kwamba hajaiona.

Na makocha walijaribu. Wa kwanza aliagiza kibao cha namba kiinuliwe. Kikazimika mkononi mwa mwamuzi. Wa pili alimwinua mchezaji wa akiba; akateguka akiwa anafunga kamba za viatu. Wa tatu alisimama amwite Injini atoke, damu ikamchuruzika puani. Hakuna aliyejaribu tena. Na kila filimbi ya kwanza ilipolia, goti liliacha kumsikiliza mwenyewe. Liliinuka, likakimbia. Yeye alifuata tu.

Stoo ilinuka sabuni, na chini ya sabuni, mafuta ya karafuu.

"Weka chini hilo begi," sauti ilinong'ona kutoka nyuma ya jezi zilizoanikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaiiba nane?"

"Naiazima. Kesho sichezi."

Mtunza jezi alicheka kwa pua. "Barua yako imefika?"

"Haijafika."

"Huwa haifiki. Hata ya mwenzako haikufika."

Injini alijua anayesemwa. Alikuwa nahodha wa zamani, kiungo aliyejichua karafuu mpaka harufu ikafika jukwaani. Ndiye aliyevaa nane kabla yake. Siku ile mvua ilikuwa ikinyesha, dakika ya sabini na moja, na Injini alikuwa amesimama mstarini kusubiri mechi yake ya kwanza. Kibao hakikuwaka. Nahodha akatembea mwenyewe hadi mstarini, akanyoosha mkono, kama anayetoka anavyompa mkono anayeingia.

"Alikwambia nini pale?" mzee aliuliza.

"Alisema... 'Nipokee, mdogo wangu.'"

"Nawe?"

Injini aliitia nane begini. Kwao, mtu akitokea na mzigo, hata ndoo ya maji, unamkimbilia. Unaushika. Unasema.

"Nikasema, 'Nimekupokea, kaka.'"

"Ehe." Mzee alikunja soksi mbili, akazipanga sawasawa. "Miaka mingi alimfuata kila aliyeingia, hata anayeingia kwa nafasi ya mwingine. Akamnong'oneza hayo hayo. Wote walimpa mkono wakakaa kimya. Mmoja alimjibu 'poa'. Wewe ndiye uliyekuja na adabu zako."

"Yuko wapi sasa?"

"Anauza vitanda. Mzima kabisa. Aliyetoka harudi uwanjani; hata kuotea hakumbuki ni nini."

"Na yeye alimpokea nani?"

"Sijui. Mimi nilikuta jezi zinafuliwa tayari."

Tone moja lilianguka kutoka kwenye jezi. Jingine.

"Kesho shemeji yako yuko benchi," mzee alisema taratibu. "Kijana mwenye heshima. Ukimwomba, atakujibu."

Injini alimwona akilini huyo shemeji, mdogo wa mkewe, alivyokuwa akimwita kaka na kumpisha kiti. Angejibu, ndiyo. Angejibu bila kuuliza.

"Hapana," alisema. "Sitamtamkia mtu neno hilo. Nitabaki nalo."

Akafunga zipu ya begi. Mzee hakumzuia. Aliliangalia begi lile kwa muda mrefu.

"Hiyo jezi haijawahi kutoka hapa," alisema. Basi.

Njiani taa zilikuwa zimeanza kuwaka madirishani. Begi, lenye nguo tatu na jozi ya viatu, lilimlemea kama mfuko wa saruji. Mkanda ulimkata bega. Alichechemea.

Nyuma yake, kwenye lami...

Kwa. Kwa. Kwa.

Njumu za daluga. Aliposimama, zikasimama. Hakugeuka. Harufu ya karafuu ilimpita usoni kama pumzi ya mtu.

Alifika mlangoni ameinama, jasho limemlowesha. Kabla hajabisha, mlango ukafunguka. Ni binti yake, wa miaka tisa, pekupeku, wino vidoleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Alikuwa ameapa kutotamka neno, na hakulitamka. Lakini mtoto hakuwahi kumwona baba yake akirudi na mzigo. Alimwona amepinda. Akafanya alichofundishwa, na aliyemfundisha ni baba mwenyewe. Akaushika mkanda kwa mikono miwili, akauvuta.

"Acha—"

"Lete tu, baba. Nimekupokea."

Goti likanyamaza.

Maumivu ya miaka kumi na miwili yaliondoka mara moja, kama taa inavyozimwa. Injini alisimama wima. Mguu ulikuwa wake. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alifurahi.

Kisha akasikia ndani.

Kwa. Kwa. Kwa.

Mtoto hakuwa na viatu.

Alikuwa ukumbini, begi limefunguka sakafuni, jezi imemfika magotini. Alikwenda ukutani, akageuka, akarudi. Akageuka kwa nje ya mguu, vile vile baba yake alivyogeuka na mpira. Ukumbi ulinuka karafuu.

"Mwambie mwanao aache kukimbia," mkewe alisema kutoka jikoni. "Chakula kiko tayari."

Injini alimdaka mabegani. Miguu ya mtoto iliendelea kusukuma sakafu.

"Mama, nipe," alimnong'oneza binti. "Nimekupokea. Nimekupokea... Nimekupokea."

Alingoja goti liume. Aliliomba liume.

Halikuuma.

Binti alimtazama juu, macho yamejaa maji, miguu ikiwa bado inataka kwenda.

"Baba," aliuliza kwa sauti ndogo, "nani atanitoa?"