Boila Namba Mbili

"Mwewe, hapa Kiota. Ova."

Sauti ilitoka ndani ya sanduku la spana, chini ya vitambaa vya griisi. Muthomi aliangalia kushoto na kulia, akainama, akaitoa redio ndogo ya Motorola.

"Kiota, hapa Mwewe. Sema. Ova."

"Lori limetoka Nanyuki. Liko karibu kufika Chaka. Mzigo unahamishwa leo. Umejua umefichwa wapi? Ova."

Alijua. Alikuwa anajua tangu Jumapili, na hakuwa amesema.

"Ndani ya boila namba mbili. Ova."

"Nani anashika ufunguo wa chumba cha boila? Ova."

Nje, vipaza sauti vilikuwa vikijaribiwa kwa ajili ya mahafali. Muthomi aliegemea pampu ya maji moto, akausikia mtetemo wake mgongoni.

"Mwewe, unanisikia? Nani anashika ufunguo?"

"Gicheru," alisema. "Fundi mkuu. Ova."

Akazima redio. Akairudisha chini ya vitambaa. 

Pale kwenye kampasi ya chuo kikuu hakuna aliyemjua kwa jina la Muthomi. Kwao alikuwa Jethro Miriti, fundi wa mitambo kutoka Meru, kijana mwenye ovaroli ya bluu anayebadilisha beringi za pampu, kunyoosha shafti na kukaza mikanda ya feni za jikoni. Idara ya ujasusi ilimpachika hapo mwanzoni mwa mwaka 1994. Bunduki zilikuwa zikivuka mpaka wa kaskazini, zikipita Isiolo, zikifika Nanyuki, kisha zinapotea kama maji mchangani. Zilipoonekana tena, zilikuwa mikononi mwa majambazi wa Nairobi.

Idara ilikuwa na jina moja tu. Delvaux, Mbelgiji, muuza vipuri vya mitambo. Mteja wake mkubwa katika eneo lote la Nyeri alikuwa ni chuo kikuu hicho.

Kwa hiyo wakamtuma jasusi mwenye spana.

Idara ilikuwa imempa mafunzo ya ufundi ya miezi michache tu. Gicheru ndiye aliyemfundisha yaliyobaki. Alikuwa mzee mpole, mikono mipana, mzee wa kanisa huko kwao Mweiga. Siku ya kwanza alimpa bisibisi ndefu, akamwambia aweke ncha juu ya pampu na mpini kwenye sikio. Muthomi alisikia mlio mwembamba, kama mbu aliye mbali. Gicheru akamweleza kwamba hiyo ni beringi inayoanza kufa, na kwamba fundi anayengoja mpaka mlio usikike chumba kizima amechelewa.

Baadaye mzee akampeleka nyumbani. Mke wake, Ngendo, akampakulia mukimo mara mbili bila kuuliza. Na binti yao Wangechi, aliyekuwa akisomea kilimo hapo hapo chuoni, akacheka Kiswahili chake cha Kimeru mpaka akaweka sahani chini.

Muthomi hakuwa amepanga kumpenda. Kazi yake haikuruhusu. Lakini alimpenda.

Alipomwomba Gicheru ruhusa ya kuleta wazee wa posa kutoka Meru, walikuwa wamelala chini ya feni wakifunga nati. Gicheru alifunga nati ya mwisho, akatoka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Halafu akajifuta macho kwa kitambaa cha griisi, akabaki na doa jeusi shavuni siku nzima.

Hilo Muthomi hakuiambia Idara.

Kisha ikaja Jumapili ile.

Alikuwa zamu peke yake. Wengine wote walikuwa kanisani. Boila namba moja ilikuwa inanguruma, ikipeleka mvuke jikoni na kwa dobi. Namba mbili ilikuwa baridi, kama ilivyokuwa tangu afike. Gicheru alisema siku zote kwamba kuna kipuri kinangojwa kutoka Ulaya. Muthomi alipita kando yake na kuipiga kwa spana, bila sababu, kama mtu anavyompiga ng'ombe kofi la kirafiki.

Chuma kitupu hulia kama kengele.

Hiki hakikulia.

Alisimama. Akatazama mlango wake wa duara. Nati zilikuwa na griisi mpya. Akazifungua. Ndani kulikuwa na makasha ya mbao, na ndani ya makasha bunduki za AK-47 zimefungwa kwa plastiki. Alizipiga picha kwa kamera yake ya Minox, akafunga kila kitu kama kilivyokuwa.

Kisha akaenda Mweiga kula chakula cha mchana, kwa sababu alikuwa anangojwa. Alikula chote.

Na leo ilikuwa siku ya mahafali. Wangechi alikuwa anapata digrii.

Lori aina ya Isuzu lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa chumba cha boila wakati bendi ilipoanza kupiga. Dereva alibaki ndani. Delvaux alishuka, miwani ya Ray-Ban usoni, uvimbe mdogo chini ya koti. Gicheru alimfungulia. Mzee alikuwa amevaa suti yake nzuri, na juu yake ovaroli, ili asiichafue kabla ya picha za familia.

Muthomi alikuwa nyuma ya tangi la maji. Aliwaacha watoe kasha la kwanza. Akawaacha watoe la pili. Alihitaji wakamatwe na mzigo mikononi, ndivyo alivyojiambia.

Akatoka. Bastola ya Browning mbele.

"Wekeni chini."

Gicheru aligeuka polepole. "Jethro?"

Delvaux hakupoteza muda kwa majina. Mkono wake uliingia chini ya koti.

Muthomi akaipiga teke vali ya kutolea mvuke.

Boila namba moja ikapiga mayowe. Mvuke ukajaza chumba, mweupe, wa moto. Risasi ikagonga bomba. Nyingine ikapasua dirisha. Muthomi hakuona kitu, lakini miguu yake ilikijua kila kiunzi cha pampu kwenye sakafu ile. Aliinama, akazunguka, akafika chini ya reli ya mnyororo wa kuinulia vyuma. Akaushika ule mnyororo na kuusukuma kwa nguvu zake zote.

Kulabu ya mnyororo ikateleza kwenye reli, nzito kama nyundo.

Ikampata Delvaux begani. Bastola ya Walther ikaanguka. Kabla hajaiokota, Muthomi alikuwa juu ya mgongo wake na pingu zimeshafungwa.

Lori lilitimua vumbi kuelekea getini. Huko lilikuta Land Rover ya Idara imekingama barabarani. Dereva akashuka mikono juu.

Mvuke ukakatika ghafla. Ni Gicheru aliyeufunga. Hakuwa amekimbia. Alikwenda moja kwa moja kwenye vali, kwa mazoea tu, akaizungusha mpaka ikanyamaza. Kisha akaketi juu ya kasha.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mzee."

Gicheru alitikisa kichwa, akaanza kueleza bila kuulizwa. Ndugu yake alichomewa nyumba huko Molo, kwenye mapigano ya mwaka 1992, yeye na wanawe ndani. Mwaka uliofuata Delvaux alimwambia kwamba bunduki hizo zinaenda kwa watu wa kule, ili siku nyingine wasichomwe wakiwa wamekaa tu. Mzee hakuwahi kuomba chochote. Alitoa nafasi ndani ya boila, basi.

Muthomi alitamani kunyamaza. Ingekuwa huruma kunyamaza.

"Mzee, hizi bunduki hazijawahi kufika Molo. Hata moja. Zinaenda kwa wezi wa Nairobi. Ya mwisho iliua mlinzi wa duka Thika. Alikuwa mtu wa Kangari, ako na watoto wadogo."

Gicheru alimwangalia Delvaux aliyelala sakafuni. Mbelgiji aligeuza uso.

Mzee akatazama mlango. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Usinifunge hiyo kitu mkononi. Wangechi ako hapo nje. Wacha nitoke kama mtu amealikwa."

Muthomi aliinua redio. "Kiota, hapa Mwewe. Mgeni amefungwa. Mzee atatoka kwa miguu yake. Bila pingu. Ova."

"Mwewe, hiyo si kawaida. Ova."

"Bila pingu. Ova na mwisho."

Gicheru alivua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya pampu. Maafisa wa Idara wenye suti wakaingia, mmoja akabaki akimlinda Delvaux. Wawili wakatoka na mzee katikati yao, kama wageni watatu wa mahafali.

Muthomi alipogeuka, Wangechi alikuwa amesimama kwenye mlango wa pili, ule wa upande wa dobi. Alikuwa na joho jeusi na shada la karatasi zinazong'aa shingoni. Alikuwa amekuja kumwita baba yake kwa picha. Aliiona bastola. Aliiona redio. Alikuwa amesikia vya kutosha.

"Jina lako ni Jethro?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi ni nani?"

Sheria ya Idara ilikuwa moja, jina halitajwi na kazi ikiisha mtu anatoweka, na alikuwa ameapa. Muthomi akaichomeka bastola kiunoni. Wangechi alingoja, kisha akaacha kungoja, na Muthomi akakiona kile kitambo kilipopita usoni mwake.

Alipotoka nje kwenye jua, Ngendo alikuja mbio kwenye nyasi, kikapu cha chakula mkononi, kitambaa cha kichwa kimelegea. Land Rover ilikuwa inaelekea getini. Alikuwa amemwona mumewe akipandishwa, wala hakuna aliyemweleza neno.

Akaushika mkono wa Muthomi.

"Jethro, mwanangu. Wamechukua mzee na hawasemi wanampeleka wapi. Wafuate. Hatuna mwanaume mwingine sasa. Ni wewe tu."

Muthomi alimwangalia Wangechi, aliyekuwa amekuja akasimama nyuma ya mama yake. Sentensi moja kutoka kwake ingetosha kumfichua. Wangechi alikipokea kile kikapu kutoka mkononi mwa mama yake, akatazama chini.

"Sawa, mama," Muthomi alisema. "Wacha niwafuate."

Ngendo akambariki kwa Kikuyu. Muthomi akashukuru, akatembea hadi kwenye Peugeot 504 iliyokuwa imeegeshwa chini ya miti. Hakuharakisha. Mtu aliyemwona akipita angedhani ni mgeni anayekwenda kuchukua kamera iliyosahaulika garini.

Kwenye kioo alimwona mama yule amesimama katikati ya nyasi, akimpungia mkono aongeze mwendo.

Getini, Land Rover ilikuwa imekata kushoto kuelekea Nyeri.

Peugeot ikakata kulia.