Unga wa Chupa Namba Kumi na Nne

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mkuu wa maabara alifungua chupa namba kumi na nne akakuta unga wa buluu. Ulitakiwa uwe kijani. Unga huo wa shaba na zinki ukichomwa ndio huwa kichocheo cha mitambo ya kiwanda, na wa buluu haukuwahi kufaulu jaribio hata moja. Chupa ilikuwa ya Mkimya, fundi wa miaka tisa pale. Barua ya kumfukuza ingesainiwa saa sita mchana.

Akaitwa mkaguzi wa ndani, polisi mstaafu waliyemwita Mama Darubini. Kemia hakuisoma, wala hakuona haya kusema hivyo.

"Nieleze pole pole, mwanangu."

"Namimina maji ya shaba na zinki pamoja na maji ya magadi," Mkimya alisema. "Mashapo yanatoka buluu. Nayakoroga saa nzima kwenye joto la nyuzi sitini na tano, chembe zijipange. Humo katikati yanageuka kijani. Ndipo nachuja, naosha, nakausha. Ijumaa niliacha unga wa kijani, mama, haki ya Mungu!"

Mtunza stoo alishukiwa kidogo, lakini kumbe yuko likizo tangu Alhamisi. Ufunguo wa kabati la chupa ulining'inia msumarini, kila mtu akiuona.

Zamu ikawa ya mtafiti, jina la utani Chapuchapu. Saa nane angeionyesha bodi njia yake ya haraka ya kutengeneza unga huo, aliyoipigia debe mwaka mzima.

"Siri yako nini, baba?"

"Mimi sisubiri, mama! Nikimaliza kumimina, nachuja palepale. Mkimya kaboronga tu, pengine alisinzia."

Mezani palikuwa na chupa yake ya Ijumaa, tayari kwa bodi. Mama Darubini aliifungua, akachungulia unga wa kijani, akaifunga.

Saa nne kamili aliwakusanya wote, mkuu akiwepo. "Haya, tengenezeni mbele yangu. Kila mtu kwa njia yake."

Mashapo ya bika zote mbili, zile glasi za maabara, yalitoka buluu. Chapuchapu akachuja palepale. Mkimya akakoroga. Dakika ya thelathini na nane buluu ilianza kufifia. Ya arobaini na tano, bika yake yote ilikuwa kijani.

"Unga wako bado ni buluu, baba," Mama Darubini alisema.

"Ukikauka..."

"Ukikauka utageuka?" Mama alimuuliza mkuu.

"Thubutu! Utabaki buluu vilevile."

"Basi huu wa kijani wa chupa yako umeutoa wapi?"

Chapuchapu aliketi. "Nimejaribu mara tano, zote zimeshindwa. Nilitaka unga mmoja tu mzuri wa kuwaonyesha bodi."

"Ukachukua wa mwenzio, ukamwekea uliokushinda."

"Sikudhani watamfukuza."

"Ulidhani watampa zawadi?"

Mkuu aliichana barua, akamwomba Mkimya radhi mbele ya wote. Mkimya aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtiririka, lakini mkono haukuacha kukoroga, maana zilikuwa zimebaki dakika tisa.