Umeme wa Jumamosi

Kila jioni baada ya masomo Filister alipanda juu ya mashua ya mama yake kufuta paneli za sola. Mashua ile haikutumia petroli. Jua lilijaza betri kubwa chini ya viti, na betri ikaendesha mota kutoka Mbita hadi kisiwa cha Takawiri na kurudi. Filister alijisifu nayo shuleni mpaka wenzake wakamchoka.

Jumamosi mashua haikusafiri, kwani Priscah, mama yake, ni Msabato. Siku hiyo betri ilijazwa kwa safari za Jumapili. Basi Jumamosi moja kwaya ya vijana Wasabato kutoka Suna ilikuja kuimba ufuoni, stima ikapotea na spika zao zikazima. Filister akajiambia kwamba umeme wa mashua umekaa bure. Akavuta waya kutoka kwenye betri hadi kwenye spika zao. Wakaimba mchana kutwa, na mawingu nayo yakalifunika jua. Mama alikuwa amekwenda kuwaona wagonjwa, hakujua lolote.

Jumapili asubuhi Mama Teresa na wenzake wa kanisa Katoliki walipanda kwenda misa Takawiri. Priscah akatazama kipimo cha betri: vijiti vitatu kati ya vinne.

"Inatosha," akasema, akaishika kamba.

Filister akapiga hesabu. Akisema, atagombezwa mbele za watu na kazi ya betri ataikosa. Akinyamaza, watu hawa wote watakwama katikati ya ziwa kwenye upepo.

"Mama, ngoja. Jana niliwapa kwaya umeme wa betri, mchana wote."

Priscah aliwasha mota mashua ikiwa bado imefungwa. Kipimo kikaporomoka hadi kijiti kimoja.

"Betri ikipumzika, kipimo hupanda hata kama umeme ni mdogo," akasema polepole. "Nami nilikiamini."

Mama Teresa akaguna. "Kumbe Wasabato wameimba mpaka wakaimaliza misa yetu."

Abiria wakacheka, wakashuka, wakasali rozari kivulini. Jua lilikuwa kali, betri ikajaa, wakavuka alasiri.

Waliporudi, Priscah alimketisha binti yake. "Mwezi huu hutagusa betri. Umeme ule ulikuwa wa abiria, na cha watu huombwa kwanza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Na usiache kusema kweli, hata ukiogopa. Leo kipimo kilinidanganya. Mwanangu hakunidanganya, ndiyo maana wote wamefika."